SOMO: Kusema Mbele ya Darasa kwa Dakika Tano



Kusoma na kuandika umekwisha kujua. Sasa unajifunza Kiswahili zaidi, maana nyumbani mnasema Kisukuma, Kiha au Kigogo. Siku moja mwalimu atakuambia: "Wiki ijayo utasimama utueleze jambo moja kwa dakika tano." Usiogope. Kazi kubwa hufanywa kabla ya kusimama.

Kwanza chagua jambo dogo. "Afya" ni jambo kubwa mno, hutalimaliza. Chagua, kwa mfano, jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi ya kumpa mtoto anayeharisha, kama pakiti za zahanati hazijapatikana. Hilo latosha.

Lieleze nyumbani kwa lugha yenu, mtu akusikilize. Kisha lieleze kwa Kiswahili. Hapo ndipo utajua maneno gani huna. Labda utakwama kwenye neno "kusawazisha", yaani kupangusa sukari iliyozidi ili kijiko kijae sawa na ukingo wake. Muulize mwalimu mapema, usingoje siku yenyewe.

Usiandike hotuba nzima. Ukiiandika utaisoma, macho chini, na wenzako watasinzia. Andika karatasi ndogo tu, hivi:

Maji safi ya kunywa: lita 1
Sukari: vijiko vya chai 6, visawazishwe
Chumvi: nusu kijiko cha chai, isawazishwe
Kukoroga. Kumpa kidogo kidogo
Zahanati: damu kwenye choo, macho kubonyea, hanywi, amelegea

Tazama hizo tarakimu, maana hapo ndipo penye hatari. Mtu mwenye hofu ulimi huteleza, akasema chumvi sita, sukari nusu. Mama aliyekaa nyuma akifuata hayo, mtoto ataumia, kwani chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto mdogo. Tena ukisema "kijiko" tu, mwingine atachukua kijiko kikubwa cha kulia wali. Sema "kijiko cha chai" kila mara. Vipimo visome kwenye karatasi, si aibu. Vitaje mara mbili, halafu mwombe mwenzako mmoja avirudie. Akikosea, sema tena pole pole.

Matamshi yasikusumbue sana. Anayetoka kwenye lugha isiyo na "r" husema "sukali". Watacheka kidogo, lakini wamekuelewa. Kosa la kipimo halichekeshi.

Beba chupa ya lita 1 na kijiko chenyewe. Neno likipotea, inua kitu.

Wako wanaosimama na kuanza kuomba radhi: "Jamani mnisamehe, Kiswahili changu kibovu..." Dakika moja imekwisha hivyo! Anza moja kwa moja: "Ndugu zangu, leo nitawaeleza namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi."

Bakiza muda wa maswali. Vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 vilisikiliza redio kwanza, kisha watu wakajadiliana. Ukiulizwa usilolijua, sema: "Hilo sijui, nitamwuliza mhudumu wa zahanati." Usibuni dawa mbele ya watu.

ZOEZI
1. Andika mistari mitano ya karatasi yako juu ya namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu.
2. Ni neno gani katika mistari hiyo unalijua kwa lugha ya nyumbani tu? Utamwuliza nani?
3. Mwombe jirani akusikilize, kisha akutajie vipimo vyote bila kuona karatasi.