Tairi Linalovuka Mpaka: Somo kutoka Gikondo

Kwa miaka mingi Gikondo, katika Wilaya ya Kicukiro, ilikuwa mwisho wa safari ndefu. Lori lililopakiwa Dar es Salaam likapita Rusumo, na lile lililopakiwa Mombasa likavuka Gatuna, yote mawili yalikwenda kusimama mbele ya maghala ya MAGERWA kungoja taratibu za forodha. Leo sehemu ya shughuli hiyo imehamia bandari kavu ya Masaka, iliyozinduliwa mwaka 2019, na viwanda vingi vilivyojengwa kinamasini vimehamishiwa Masoro. Hata hivyo, karakana za kandokando ya barabara zingali zinapokea magari yaliyotoka mbali, na fundi wa matairi huko anaweza kukueleza mwenendo wa dereva kabla dereva mwenyewe hajafungua kinywa. Ameusoma kwenye mpira.

Kusoma huko hakuhitaji chuo. Tairi lililolika mabega yote mawili huku katikati kukiwa kuzima limetembea na upepo mdogo. Lililolika katikati peke yake limejazwa kupita kiasi. Likilika bega moja tu, la ndani au la nje, kosa si la tairi bali la magurudumu ya mbele, ambayo hayajanyooshwa sawasawa. Ukinunua tairi jipya bila kurekebisha kosa hilo, jipya nalo litakwisha upande uleule. Likiwa na mabonde na vilima ukilipapasa kwa kiganja, kagua shokomzoba. Wasomaji wetu wanaoishi karibu na vituo vya mpakani, ambao magari yao hupanda na kushuka milima ya Gicumbi au Gakenke kila wiki, wangefanya vyema kupapasa matairi yao mara kwa mara, upande wa ndani pia, kwa kuwa huko ndiko nyuzi za chuma hutokeza kwanza bila kuonekana.

Katika mambo yote ya tairi, upepo ndio unaodharauliwa kuliko yote, na ndio unaoua. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto hulegeza mpira na nyuzi zilizoshikamana ndani, na baada ya kilomita kadhaa za mwendo wa kasi ubavu hupasuka. Watu husema tairi limepasuka kwa sababu ya jua au kwa sababu lilijazwa sana. Mara nyingi ni kinyume: lilikuwa na upepo kidogo mno, na mzigo ulikuwa mkubwa mno. Gari dogo lililopakiwa magunia ya viazi hadi tairi la nyuma likatanuka chini halina tofauti na mtu aliyefungwa jiwe mgongoni akaambiwa akimbie.

Pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi lililokwenda mwendo mrefu hupata moto, na upepo wa ndani hupanda. Dereva akipima wakati huo huona kipimo kimezidi, akatoa upepo, na kesho yake tairi likipoa linakuwa limepungukiwa. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichomo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na kwa kawaida kuna vipimo viwili: kimoja cha gari lenye watu wachache na kingine cha gari lililojaa. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake. Isichukuliwe kuwa ndiyo kipimo cha gari lako.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa watu wa mpakani. Mafundi wengi wa Rwanda, Burundi na Kongo hupima kwa bar, ilhali wenzao wa Uganda, Tanzania na Kenya hupima kwa psi. Bar moja ni sawa na psi 14.5, kwa hiyo 2.2 ya Kigali ndiyo 32 ya Kabale. Dereva asiyejua hili humwambia fundi namba aliyoizoea nyumbani, fundi naye hukisia, na makisio ya fundi aliyechoka jioni si kitu cha kukabidhiwa abiria. Nunua kipimo chako mwenyewe. Bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja la mtumba.

Na tuyazungumze matairi ya mitumba, kwani ndiyo yanayovuka mipaka kwa wingi. Hatusemi kila tairi lililotumika ni baya. Tunasema umri wake ujulikane kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tazama ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT, utakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni tairi lililotoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, na muuzaji mjanja hukuonyesha ule mwingine. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama mifereji yake bado inapendeza. Mpira huzeeka kama ngozi. Ukiukunja kidogo ukaona nyufa nyembambanyembamba karibu na rimu, rudisha shukrani na uondoke.

Lipo pia tairi lililochongwa upya. Limekwisha, limekuwa kipara, kisha mtu amechukua kisu chenye moto akachimba mifereji mipya ili lionekane zima. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa unene wa kuruhusu kuchongwa tena, na yameandikwa hivyo ubavuni. Tairi la gari dogo si mojawapo. Aliyelichonga amekula tabaka linalolinda nyuzi, na anayeliuza kama zima anauza ajali kwa bei ya punguzo.

Kina cha mifereji ambacho nchi nyingi hukihesabu kuwa cha mwisho ni milimita 1.6. Huna haja ya rula. Ndani ya mifereji mikuu viwandani huacha vituta vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukiwa sawa na vituta hivyo, muda wake umekwisha. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, tusingengoja hadi hapo. Kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi. Ikiwa haina kina, gari huelea juu ya maji, usukani ukawa mwepesi mkononi, na breki zikawa hazina neno la kusema.

Tuje sasa kwenye kubadilisha tairi njiani. Mtu aliyejifunza udereva Mbarara au Ngara amezoea kuendesha upande wa kushoto. Akisimama ukingoni mwa barabara huko kwao, magurudumu yanayoelekea magari yanayopita ni ya kulia. Akivuka Gatuna au Rusumo kuingia Rwanda, ambako tunaendesha upande wa kulia, hali hugeuka: magurudumu ya hatari sasa ni ya kushoto. Mazoea hayavuki mpaka pamoja na mwili. Mtu huchuchumaa kufungua nati, mgongo ukiwa barabarani, akiamini yuko upande wa salama. Kabla ya kushika spana, simama kidogo utazame magari yanatoka wapi. Ikiwa tairi lililotoboka liko upande wa barabara na mahali ni pembamba, endesha polepole hadi pale penye nafasi. Rimu ikiharibika ni hasara ya fedha tu.

Mahali pawe tambarare na pagumu. Washa taa za tahadhari, funga breki ya mkono, teremsha abiria wote na uwapeleke nje ya barabara, si mbele ya gari. Weka pembetatu ya tahadhari nyuma, mbali vya kutosha ili anayekuja aione kabla ya kuona gari lenyewe. Kwenye kona, iwekwe kabla ya kona. Zuia gurudumu lililo mkabala kwa jiwe au kigingi. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo upandishe jeki mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tairi la akiba likiisha kuwekwa, kaza nati kwa mkono, shusha gari, kisha uzikaze kwa spana kwa kukingamana, ya juu halafu ya chini, ya kulia halafu ya kushoto, ili rimu ikae sawa. Baada ya kilomita 50 hivi simama uzijaribu tena. Wengi hulisahau hili la mwisho, na magurudumu yanayochomoka yenyewe barabarani mara nyingi ni yale yaliyofungwa siku hiyohiyo.

Ukimaliza, ondoa mawe. Katika nchi zetu zote desturi ni ileile: lori likiharibika, dereva huweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi barabarani, kisha akitengeneza gari huenda zake. Usiku jiwe lile linakutana na mwendesha pikipiki ambaye hana habari. Tumeliandika hili mara nyingi, nasi tutaendelea kuliandika.

Kwa mafundi wa malori tuna neno moja. Rimu zenye pete ya chuma ya kufungia, ambazo bado zipo kwenye malori ya zamani, zisijazwe upepo nje ya kizimba cha chuma. Pete isipokaa vyema huruka kwa nguvu inayoweza kumuua aliyeinama juu yake. Asiye na kizimba asiikubali kazi hiyo, na asimwachie kijana anayejifunza aifanye.

Tairi la mbele likipasuka mwendoni, shika usukani kwa mikono miwili, uelekeze gari moja kwa moja, ondoa mguu kwenye mafuta, na usikanyage breki kwa ghafla. Gari litapunguza mwendo lenyewe.

Nanyi mnaoishi kando ya barabara kuu, lori likipinduka karibu nanyi, liacheni. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019 jambo kama hilo likatokea Msamvu, Morogoro. Matairi hayakuwa chanzo cha mikasa hiyo miwili. Lakini lori lililopasuka tairi huweza kuanguka vilevile, na mafuta hayaulizi lori lilianguka kwa sababu gani. Kaeni mbali, zuieni watoto, msiwashe kitu. Kwa walio upande wa Rwanda, pigeni 113 kuhusu ajali za barabarani, au 112 kwa dharura yoyote.

Anayetaka kujua hali ya gari lake kabla ya safari aende katika kituo cha ukaguzi wa magari cha Polisi Remera, au vya Huye, Musanze na Rwamagana, kwa kadiri atakavyokuwa karibu. Na kabla hajaondoka nyumbani, afungue buti apime upepo wa tairi la akiba. Lile huzeeka gizani bila mtu kulitazama, na siku ya kuhitajika, kule mlimani usiku wa manane, hukutwa limelala chapati.