SOMO LA HESABU: MWAKA WA NEEMA NA MIAKA YA UHABA

Wanachama wenzetu, mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana huchoka, na matawi mengine huvunjika wakati wa kuchuma. Msimu unaofuata hutoa kidogo. Kila mwenye shamba, Unguja na Pemba, anayajua haya. Walakini tukisomewa hesabu za chama mkutanoni twayasahau, twauliza jambo moja tu: sandukuni mna shilingi ngapi?

Tuchukue mfano wa chama cha kijiji chenye watu 60, kisichotafuta faida, kilichoundwa ili kuwasaidia wachumaji wanaoanguka mikarafuuni. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka wa neema wote hulipa, zikapatikana 1,440,000. Kodi ya ghala, turubai za kuanikia na nauli ni 960,000. Zabaki 480,000. Hapo ndipo husimama mtu akataka zigawanywe, na wengi humpigia makofi.

Sasa tuendelee na hesabu. Mwaka wa uhaba hulipa nusu ya wanachama, yaani 720,000, na kodi ya ghala haipungui kwa sababu ghala halina kitu. Upungufu ni 240,000. Miaka miwili ya namna hiyo ni 480,000, zile zile tulizotaka kugawana! Basi hazikuwa ziada. Zilikuwa za kuivusha miaka miwili iliyokuwa mbele. Na hapo hajaanguka mtu. (Sisemi habari za maafa kama tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, hayo hayana daftari la kuyakinga.)

Tena, mfadhili akitoa fedha za kusakifu uwanja wa kuanikia, ziandikwe ukurasa wake peke yake. Zikichanganywa na ada, sanduku litaonekana limejaa, mshika fedha atalipia kodi, na siku mfadhili akija kuitazama sakafu ataoneshwa udongo. Hakuna aliyeiba, lakini nani atasadiki?

Mkutano ujao, ombeni msomewe hesabu za miaka minne pamoja, mwaka kando ya mwaka.

Zoezi: Chama chetu cha mfano kimeziweka zote 480,000. Mwaka wa kwanza wa uhaba mchumaji aanguka, avunjika mguu, na tiba yahitaji 150,000. Je, kila mwanachama angaliongeza shilingi ngapi mwaka wa neema, ili mgonjwa atibiwe na kodi ya mwaka wa pili isikose?