Soma Mdundo Kwanza

Ukikabidhiwa karatasi ya ECG, usikimbilie kutafuta shambulio la moyo. Hakikisha kwanza jina la mgonjwa na saa ya kipimo, kisha kasi ya karatasi. Kwa kawaida ni milimita 25 kwa sekunde: mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa 0.2. Tafsiri iliyochapwa na mashine isome mwisho, ukishakuwa na maoni yako.

Hesabu mapigo. Yakifuatana sawasawa, hesabu miraba mikubwa kati ya kilele cha R na kinachofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Miraba minne ni mapigo 75 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Yakienda ovyo, hesabu vilele vyote vya R kwenye mstari mrefu wa sekunde 10, uzidishe kwa 6.

Mdundo ndio unaostahili muda wako. Tafuta P, kiwimbi kinachotangulia QRS. Ni umeme unaopita vyumba vya juu vya moyo. QRS ni umeme wa vyumba vya chini. Usipoiona P, na nafasi kati ya R na R hazina utaratibu wowote, yaelekea vyumba vya juu vinatetemeka tu badala ya kusukuma damu. Damu huweza kuganda humo, bonge likaenda ubongoni na kuleta kiharusi. Afrika Mashariki hali hii huwakuta hata vijana, kwani mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa huweza kuishia kuharibu valvu za moyo. Usiipuuze eti mgonjwa ana miaka 25.

Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS pawe na miraba midogo mitatu hadi mitano. QRS yenyewe isifike mitatu.

Sasa tazama mstari kati ya S na T. Ukinyanyuka kwenye lead II, III na aVF, shuku shambulio kwenye ukuta wa chini wa moyo; kwenye V1 hadi V4, ukuta wa mbele. Mgonjwa huyo ni wa dharura, mwite daktari papo hapo. Lakini lead I ikiwa imepinduka kabisa, kagua kwanza kama nyaya za mikono zimebadilishana.

Na mgonjwa anayebanwa kifua akiwa na ECG safi, usimruhusu aende nyumbani. Rudia kipimo baada ya dakika 15 hadi 30, ukilinganisha karatasi zote mbili.