Kabla Hujalipia Vifuniko: Namna ya Kumpata Mtengenezaji wa Plastiki wa Kutegemewa

Kijitabu hiki ni cha mjasiriamali anayefungasha maji, juisi, asali au sabuni ya maji, na anayetegemea kiwanda kingine kimtengenezee vifuniko, vipini au vipande vingine vya plastiki. Asali nzuri huharibiwa na kifuniko kinachovuja, na mteja hamjui aliyekitengeneza. Anamjua mwenye jina kwenye lebo.

Sema unachotaka, kwa vipimo

Mnunuzi anayeagiza "vifuniko vya milimita 28" bado hajasema kitu. Shingo za chupa zenye upana huo zipo za aina kadhaa. Zinazoonekana sana ni PCO 1810, yenye kimo cha milimita 21 hivi, na PCO 1881, yenye milimita 17. Kwa macho vifuniko vyake hufanana, lakini cha moja hakikai sawasawa kwenye nyingine. Mpelekee mtengenezaji chupa yenyewe, pamoja na mchoro unaoonyesha vipimo na tofauti unayoweza kuivumilia.

Taja na plastiki. Vifuniko vingi vya kuzungusha ni vya HDPE, namba 2 kwenye alama ya pembetatu, au PP, namba 5. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki tu. Haithibitishi kuwa inafaa kwa chakula. Dai maandishi yanayoonyesha kwamba malighafi na rangi vyote vinaruhusiwa kugusana na chakula. Uliza pia kiasi cha mabaki yaliyosagwa kinachorudishwa mashineni. Mabaki safi, kwa kiasi kidogo, ni jambo la kawaida viwandani. Yakizidi au yakichanganywa ovyo, kipande hupasuka mapema. Kwa chakula, kataa kabisa mabaki yasiyojulikana yalikotoka.

Moldi ni ya nani?

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Chembe za plastiki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya moldi ya chuma, hupoa, kisha kipande hutolewa. Moldi ndiyo hula fedha nyingi. Tuseme inagharimu shilingi milioni 12: kwa vipande 10,000, kila kimoja kinabeba shilingi 1,200 za moldi; kwa vipande 200,000, ni shilingi 60 tu. Kwa hiyo ukipewa bei ya chini mno kwa oda ndogo, uliza gharama ya moldi imekwenda wapi. Huenda unauziwa kipande cha moldi ya mteja mwingine, na siku moldi hiyo ikiondoka, huna bidhaa.

Ukilipia moldi, mkataba useme wazi kwamba ni mali yako, jina lako lichongwe juu yake, na uweze kuihamisha wakati wowote. Uandike pia nani anaitengeneza ikiharibika na itatoa vipande vingapi kabla ya kuchoka. Haya yaandikwe kabla ya malipo ya kwanza. Baada ya hapo huna tena nguvu ya kuyadai.

Ingia kiwandani

Anayekuuzia huenda si kiwanda bali dalali. Dalali si mtu mbaya, ila ujue kwamba ni dalali. Ukiagiza China, omba leseni ya biashara. Ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18 kwa jumla, inayoweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa serikali ya huko. Kama kiwanda kiko karibu, nenda mwenyewe. Tazama kama mifuko ya malighafi ina lebo na kama mabaki yametenganishwa kwa aina. Ulizia mashine ya kukaushia malighafi. Nailoni na PET hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa inao mwingi; zikiyeyushwa bila kukaushwa, kipande hutoka dhaifu.

Cheti cha ISO 9001 huhusu utaratibu wa kazi kiwandani, si ubora wa kifuniko chako. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo hutolewa kwa bidhaa mahususi, hivyo hakiki leseni yake TBS kwenyewe.

Sampuli

Usikubali sampuli iliyochongwa au kuchapishwa kwa mashine ya 3D. Itoke kwenye moldi ile ile itakayofanya kazi, na kama moldi ina matundu manane, chukua vipande kutoka yote manane. Pima. Funga kwa mkono na kwa mashine yako, laza chupa usiku kucha, idondoshe, iache juani. Ukiridhika, saini sampuli mbili: moja ibaki kwako, nyingine kwao.

Malipo na mapokezi

Gawa malipo kwa hatua: sehemu mwanzoni, sehemu sampuli ikikubaliwa, iliyobaki baada ya ukaguzi. Ukiletewa barua pepe ya kubadili akaunti ya benki, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali.

Mzigo ukifika, fungua maboksi ya juu, ya kati na ya chini, ulinganishe na sampuli iliyosainiwa. Weka vipande vichache vya kila mzigo pamoja na tarehe na namba yake, hadi bidhaa uliyofungia iishe sokoni.