Nusukaputi kwa mwenye pesimeka

SWALI: Mama yangu ana pesimeka, na sasa anahitaji kuondolewa kifuko cha nyongo kwa nusukaputi. Je, moyo wake hautasimama akiwa usingizini? – Msomaji, Uriri, Kaunti ya Migori

JIBU: Dawa ya usingizi haizimi pesimeka, kifaa kinachouchochea moyo upige. La kuangaliwa zaidi ni kisu cha umeme ambacho daktari hukatia na kuzuia damu. Kikitumika juu ya kitovu, kama kwenye nyongo, umeme wake unaweza kuifanya pesimeka idhani moyo unapiga wenyewe, nayo ikaacha kuuchochea. Kwa anayeitegemea kwa kila pigo, hilo ni hatari, ila linazuilika: daktari hutumia umeme kwa vipindi vifupi na kuuelekeza mbali na kifua.

Wapo wanaosema sumaku juu ya kifaa inatosha. Mara nyingi huifanya pesimeka ipige kwa kasi moja bila kujali umeme wa nje, lakini si kila kifaa huitikia hivyo. Kwa hiyo mama abebe kadi ya kifaa chake, nacho kiwe kimepimwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Utasema kwenda kukipimisha Kisumu au Nairobi ni mbali na nauli ni mzigo. Ni kweli, ila upasuaji usio wa dharura unaweza kusubiri kipimo hicho. Ukiwa wa dharura, asicheleweshwe; mjulishe daktari wa usingizi mapema, sumaku iwe karibu, na kifaa kipimwe baadaye.