Cherehani Kuukuu na Kitambaa cha Shweshwe

Swali: Nimepata hapa Durban cherehani kuukuu ya mkono, ila gurudumu lake ni zito. Nataka kuwashonea wanangu nguo za shweshwe, nianzeje?

Jibu: Bibi muadhamu, uzito huo aghlabu hutokana na mafuta ya zamani yaliyoganda; basi tia tone la mafuta ya cherehani (si ya kupikia, hasha, ambayo hugeuka gundi) katika kila tundu, uzungushe polepole, kisha uiache hadi asubuhi. Ama shweshwe, ambayo dukani huwa imekakamaa kwa wanga na ina harufu yake makhsusi, ifue kwa maji baridi uianike kabla ya kuikata, kwani hurudi. Wachukue watoto hadi mtaa wa Dr Yusuf Dadoo, ulioitwa zamani Grey Street, wachague rangi ya kitambaa wenyewe, hata wakibishana.