Fito Zinazoimba: Somo la Mitetemo kutoka Karakana ya Msanii

Mwanafunzi aliyewahi kuibana rula ukingoni mwa dawati na kuipiga kwa kidole amekwisha kuusikia msingi wa makala haya. Rula ikitokeza sana nje ya dawati, hutikisika polepole na sauti yake huwa nzito. Ikirudishwa ndani kidogo, hutetemeka upesi na sauti yake hupanda. Mchezo huo wa darasani ndio alioufanya kazi mchongaji Harry Bertoia kwa muda wa karibu miaka 18, akaunda sanamu ambazo hazikukusudiwa kutazamwa tu, bali kutikisika na kusikilizwa.

Chanzo cha kazi

Bertoia alizaliwa mwaka 1915 katika kijiji cha San Lorenzo, kaskazini ya Italia, akahamia Marekani mwaka 1930. Huko alijifunza ufundi wa metali, kisha akaufundisha. Mwaka 1952 viti vyake vilivyosukwa kwa nyaya vilianza kuuzwa na kampuni ya Knoll, na mapato yake yakampatia nafasi ya kushughulika na uchongaji katika karakana yake jimboni Pennsylvania.

Mnamo mwaka 1960 hivi, alipokuwa akikunja waya, waya huo ulikatika na kuugonga mwingine. Mlio uliotoka ulimfanya ajiulize: ikiwa waya mmoja hutoa sauti kama hiyo, je, fito kumi, au mia, zikisimamishwa pamoja zitatoa sauti gani? Tangu hapo alianza kusimamisha fito za metali kwa safu juu ya vibao vya metali, ncha za chini zikiwa zimeshikizwa imara na za juu zikiwa huru. Zikisukumwa kwa mkono au kwa upepo, huyumba, hugongana na kuvuma.

Kanuni ya ufito uliobanwa upande mmoja

Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja huitwa frikwensi, nayo hupimwa kwa hezi. Frikwensi ya ufito wa mviringo uliobanwa upande mmoja hutegemea mambo matatu: urefu, unene, na aina ya metali. Unene ukiongezwa mara mbili, frikwensi nayo huongezeka mara mbili. Lakini urefu una nguvu zaidi: ufito ukikatwa nusu, frikwensi huongezeka mara nne, maana hubadilika kinyume na mraba wa urefu.

Tuchukue mfano wa spoki ya baiskeli, ambayo ni feleji yenye unene wa milimita 2. Kwa hesabu, sehemu iliyo huru ikiwa sentimita 20, frikwensi ni karibu hezi 35. Ikiwa sentimita 10, ni karibu hezi 140. Ikiwa sentimita 5, ni karibu hezi 560. Mwalimu wa muziki atatambua kwamba kuongezeka mara nne ni sawa na kupanda oktava mbili.

Kanuni hii haikuanzia katika karakana ya Bertoia. Wagogo wa Dodoma huitumia katika ilimba, ala ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka katika majukwaa mengi ya dunia. Vijiti vya chuma vya ilimba hubanwa upande mmoja juu ya sanduku la mbao, na upande wa pili hupigwa kwa vidole gumba. Mpigaji anayetaka sauti ipande hukisukuma kijiti nyuma ili sehemu iliyo huru ifupike. Anayetaka ishuke hukivuta mbele. Sikio lake hufanya kazi ambayo mwanafunzi huifanya kwa kalamu na karatasi.

Kwa nini sauti ni ya kengele?

Uzi wa gitaa ukipigwa hutoa sauti ya msingi pamoja na sauti za juu ambazo frikwensi zake ni mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Ufito uliobanwa upande mmoja haufuati mpango huo. Sauti yake ya pili ni karibu mara 6.3 ya ile ya msingi, na ya tatu ni karibu mara 17.5. Kwa kuwa hesabu hizo hazipatani kama zile za uzi, sikio husikia mlio wa metali wenye kung'aa, unaokaribiana na ule wa kengele.

Jambo hili hueleza ajabu nyingine. Fito ndefu za Bertoia huyumba polepole mno kiasi kwamba mtazamaji huziona zikienda na kurudi, lakini mwendo huo hausikiki, kwa sababu sikio la binadamu halipokei frikwensi zilizo chini ya hezi 20 hivi. Kinachosikika ni mgongano wa fito na sauti za juu zinazoamshwa na mgongano huo. Baadhi ya fito aliziwekea vichwa vizito. Uzito ule hupunguza kasi ya kuyumba na kuutia nguvu mgongano.

Milimita moja tu

Fito mbili haziwezi kulingana kabisa. Spoki yetu ya sentimita 10 ikiwekwa kando ya nyingine iliyoizidi kwa milimita moja tu, frikwensi zitatofautiana kwa karibu hezi 3. Zikilia pamoja, sauti itapanda na kushuka kwa nguvu mara tatu hivi kila sekunde. Kupanda na kushuka huko huitwa mapigo. Katika sanamu yenye fito nyingi, mapigo ya namna hii huingiliana kwa wingi, na ndiyo yanayoifanya sauti ionekane kama inapumua.

Kutayarisha sauti kwa mahali pake

Bertoia alikarabati ghala kuukuu la mawe karibu na nyumba yake, akapanga ndani yake sanamu alizozipenda. Humo aliwapigia wageni, akipita kati ya sanamu na kuzipapasa kwa mikono, akarekodi tepu nyingi. Santuri ya kwanza ilitoka mwaka 1970, na nyingine kumi zikafuata. Kuta ziliirudisha sauti, hivyo mguso mdogo ulitosha.

Nje mambo ni tofauti. Mwaka 1975 sanamu zake 11 ziliwekwa katika bwawa la maji mbele ya jengo la Standard Oil mjini Chicago, nyingine zikiwa na urefu wa karibu mita 5. Hapo hapakuwa na kuta za kuirudisha sauti wala mkono wa mpigaji. Upepo ndio uliofanya kazi. Kwa hiyo msanii hana budi kufikiria ufito utakaokubali kuyumba kwa upepo wa kawaida bila kukatika katika dhoruba. Bertoia alitumia sana aloi ya shaba yenye berili kidogo, ambayo hunyumbuka mara nyingi bila kuchoka upesi.

Gharama ya metali

Sifa za aloi hiyo zina upande wa pili. Ufito uliokamilika hauna madhara ukiguswa, lakini kuukata, kuupiga tupa au kuuchomelea hutoa vumbi na moshi wenye berili. Vumbi hilo likivutwa huweza kuleta ugonjwa sugu wa mapafu, nayo berili imethibitishwa kuwa huleta saratani. Bertoia alifariki Novemba 1978 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 63, na wapo walioihusisha na moshi wa metali aliouvuta karakanani. Amezikwa karibu na ghala lake, chini ya upatu mkubwa wa shaba. Ni wajibu wa kila mwalimu wa ufundi kuwafahamisha wanafunzi kwamba metali ijulikane kabla ya kuingizwa motoni.

Zoezi

Shuleni feleji inatosha. Banwe spoki tatu kuukuu katika jiliwa, zikitokeza sentimita 20, 14 na 10. Zipigwe kwa upande, macho yakiwa mbali na ncha. Ikiwa jiliwa limelegea, sauti itakufa upesi, maana nguvu ya mtetemo hupotelea mezani.

1. Spoki ya sentimita 10 ina hezi 140. Ikifupishwa hadi sentimita 8, itakuwa na hezi ngapi? (Jibu: karibu 219.)
2. Ni urefu gani utakaoipandisha spoki hiyo oktava moja? (Jibu: karibu sentimita 7.1.)
3. Gundi donge dogo la nta kwenye ncha ya spoki. Sauti imepanda au imeshuka? Eleza sababu.